Mama Mfuko Anaondoka Dirishani

Ijumaa, tarehe 30 Juni, mfamasia mkuu wa hospitali yetu anastaafu baada ya kuitumikia miaka thelathini na minne. Barua za ofisi zina jina lake kamili na cheo kirefu. Sisi na wagonjwa tunamwita Mama Mfuko, naye huitika.

Jina alijitafutia mwenyewe. Hakupi dawa mpya dirishani mpaka umwage mezani mfuko wenye zote unazotumia nyumbani. Mifukoni tumeona mengi: vidonge vya presha vya marehemu mume wa mgonjwa, matone ya macho yaliyokwisha muda, na siku moja meno ya bandia ambayo babu mmoja aliyasaka wiki nzima.

Alianza kama msaidizi wa stoo, akipanga maboksi. Akajisomesha huku akilea watoto watatu, akapanda ngazi moja baada ya nyingine.

Miaka sita iliyopita ilikuja sindano mpya ya kisukari, ya kuchoma mara moja kwa wiki. Yeye ndiye aliyeipigania, akauandikia uongozi mara tatu. Ilipofika sote tulishangilia. Yeye akavaa miwani, akaikunjua ile karatasi ya ndani ya boksi na kuisoma hadi mstari wa mwisho.

Wiki ya nne akaja fundi cherehani mmoja, kidonda mguuni, ambaye tayari alikuwa ameambiwa huenda mguu ukakatwa. Alikuwa akitetemeka, shati limelowa jasho.

“Ni njaa tu, mama,” alisema. “Nipe sindano yangu niwahi kazini.”

Mama Mfuko alimwaga mfuko wake. Kumbe fundi alikuwa bado anameza vidonge vya zamani vya kushusha sukari, dozi ile ile, asubuhi na jioni, juu ya sindano. Tulimpima: sukari ilikuwa imeshuka vibaya. Akanyweshwa maji ya sukari palepale, na Mama akampigia simu daktari bingwa, ambaye hakufurahi kukatizwa kliniki.

“Sindano haina kosa, daktari,” alimwambia. “Nakataa kumpa hivi viwili pamoja kwa dozi hii. Njoo umwone.”

Daktari alishuka amenuna. Akavitazama vidonge, akamtazama fundi, akavuta kiti. “Tuanze na mafaili yote,” alisema.

Siku tatu walipekua mafaili ya wagonjwa wote arobaini wa sindano hiyo. Tisa walikuwa katika hatari hiyohiyo. Waliitwa wote, vidonge vyao vikapunguzwa. Wawili waliokuwa wakitapika bila kukoma walirudishwa kwenye dawa ya awali. Waliobaki waliendelea na sindano, na sukari ikatulia kuliko miaka yote iliyotangulia. Hatukumpoteza hata mmoja. Kabla mwaka haujaisha, kidonda cha fundi kilifunga. Alikuja kwa miguu yake miwili kutuonyesha, akavua kiatu mbele ya foleni nzima, watu wakapiga makofi.

Tulipomuuliza angependa zawadi gani, Mama Mfuko hakutaja seti ya vyombo. Aliomba ijazwe nafasi ya mfamasia wa pili, iliyokaa wazi miaka miwili. Uongozi umekubali. Ameajiriwa mmoja, na mwingine wa kushika nafasi ya Mama mwenyewe. Wote wanaanza Jumatatu.

Mama yetu, ahsante kwa kila uhai ulioulinda. Nenda ukapumzike, ule kwa wakati, ucheke na wajukuu. Afya njema na siku nyingi za furaha ziwe zako.