Ripoti Zilizosomwa katika Stoo ya Mafagio

Ijumaa ya tarehe thelathini mwezi huu, kengele ya mwisho ikishalia, Mwalimu wa Darasa la Tatu atakuwa ametimiza miaka thelathini na minne katika shule hii, na atastaafu. Miaka yote hiyo chumba kile kile, na dirisha lile lile lisilofungika. Walimu wenzake wanamwita Mama Futa. Sababu mtaiona mbele.

Mwalimu mkuu ameniomba mimi, mfagiaji, nimwandikie wasifu. Mimi dawati nalijua kwa kulifuta tu, kulikalia sijawahi. Maneno ni yangu, mhazili amechapa, na nimemwonya asiyarembe kwa sababu lazima anisomee kabla hayajatoka. Nimekubali kwa sababu moja. Kuanzia muhula ujao ripoti za maendeleo ya watoto zitatoka kwenye kompyuta. Maoni kumi na manne yamewekwa tayari, mwalimu anabonyeza namba, inatoka "Aongeze bidii". Kabla hamjaanza kubonyeza, mjue karatasi ile inafanya nini ikifika nyumbani kwa mtu.

Mwalimu alikuja hapa msichana mwembamba, sauti kubwa kuliko mwili. Alifundisha kugawanya kwa vifuniko vya chupa. Mwaka ambao upepo uling'oa paa, alifundishia barazani wiki sita na hakukosa hata siku moja. Asubuhi moja alifika na kiatu kimoja cheusi na kingine cha kahawia. Watoto walipocheka, akapandisha miguu yote miwili juu ya kiti na kuwaambia leo somo ni kulinganisha. Ndivyo alivyo, hapotezi kitu.

Mwaka wake wa kumi na moja alimfundisha mjukuu wangu, mtoto wa miaka tisa niliyemlea tangu mama yake afariki. Mwisho wa muhula akaleta ripoti. Nikampelekea jirani yangu fundi cherehani anisomee. Akasoma: "Anasinzia darasani. Mvivu. Aongeze bidii." Basi. Na mimi, nisiyejua kusoma, niliiamini karatasi kuliko macho yangu. Likizo nzima nilimwamsha alfajiri kwa kumwagia maji ya baridi. Nilimsimamisha wima asome. Akiyumba, nilimfokea. Wiki ya tatu, Jumanne, hakuamka. Hospitali wakasema damu ilikuwa imemwishia siku nyingi, na angeletwa mapema angetibiwa.

Shule ilipofunguliwa nilikwenda na ile ripoti mkononi. Sikwenda kusalimia, nilikwenda kupiga. Mlangoni pa darasa nilishavua ndala. Mwalimu akawatoa watoto nje, akaichukua karatasi, akasoma mwandiko wake mwenyewe, akakaa chini sakafuni kwenye vumbi la chaki. Hakujitetea. Alisema, "Mama, nilimwona midomo imepauka. Niliona. Sikuandika." Nafasi ya maoni kwenye fomu ilikuwa upana wa kidole, na alikuwa na ripoti hamsini na nane za kumaliza kabla ya saa sita mchana. Aliandika neno lililoenea.

Nikamwambia na mimi niliona midomo ile ile, nikaimwagia maji. Tukakaa pale sakafuni wote wawili, ndala yangu katikati yetu. Sikumsamehe siku ile, na hakuniomba nimsamehe.

Mwezi uliofuata shule ilihitaji mfagiaji, akaja kunitafuta nyumbani. Siku chache kabla ya kufunga muhula, jioni watoto wameshaondoka, akabisha stoo ninakoweka mafagio. Amebeba ripoti zote. Akanipa kiti mimi, yeye akageuza ndoo na kuikalia. Akasoma ya kwanza mpaka mwisho, kisha akaniuliza, "Mama, tuseme huyu ni mjukuu wako. Nimekuambia ufanye nini?"

Nikamwambia hujaniambia kitu.

Akaichana, akaanza upya. Miaka ishirini na mitatu, kila muhula, hakuna ripoti ya Darasa la Tatu iliyotoka shuleni kabla ya kusomwa kwanza pale stooni. Nikishindwa kusema niende nyumbani nikafanye nini, inafutwa. Hilo ndilo jina lake lilikotoka.

Tuligombana sana. Aliandika "Juhudi iongezwe", nikamuuliza iongezwe na nani, vijiko vingapi. Aliandika "Mtoto hajitambui", nikamwambia ana miaka minane, umri huo wewe ulikuwa unajitambua? Akasema, "Mama, leo una maneno makali." Nikamwambia afute, jua linazama na sijadeki ofisi. Polepole akawa anaandika hivi: "Anajumlisha vizuri hadi mia. Kutoa bado kunamchanganya. Jioni mpeni maharage ishirini, aondoe saba, ahesabu yaliyobaki. Dakika kumi tu, msimfokee." Hiyo hata mimi naifanya. Fomu ilipokuwa ndogo, alibana karatasi ya pili kwa pini. Mwalimu mkuu wa zamani alimkaripia kwamba anaharibu utaratibu. Akaitikia ndiyo, akaenda kununua pini nyingine.

Aliacha kuandika mtoto yukoje, akaanza kuandika ameona nini, lini, mara ngapi. Fundi baiskeli wa barabara ya nyuma aliandikiwa kwamba binti yake husogea hadi hatua mbili kutoka ubaoni ndipo asome, na kwamba ampeleke akapimwe macho wiki hiyo hiyo. Alimpeleka. Ripoti ile ameitundika juu ya meza yake ya kazi, imejaa alama za vidole vya grisi. Mama mmoja mshonaji alikuja amefura, "Mwalimu, hii ripoti imenisema mimi, siyo mtoto!" Ilisema redio izimwe saa mbili mtoto alale. Aliondoka amenuna, lakini redio ilizimwa.

Si zote zilizofika. Nyingine zilitumika kuwashia majiko bila kusomwa. Mtoto mmoja aliandikiwa mihula mitatu mfululizo kwamba anakuja na alama za kuchapwa, mwalimu akaenda kwao kwa miguu mara mbili, akafungiwa mlango. Mara ya tatu nyumba ilikuwa tupu, wamehama. Mwalimu huyo wiki nzima hakugusa chai yake. Nasema hivi ili mtu asidhani nasimulia muujiza. Ripoti nzuri haiokoi kila mtoto. Mbaya mimi najua inafanya nini.

Jumatatu iliyopita alibisha stooni kwa mara ya mwisho. Ripoti zote tulikuwa tumeshamaliza, nikashangaa. Alikuwa na karatasi moja tu. Akageuza ndoo, akakaa, magoti siku hizi yanamlia. Akasema hii ameiandika na kuichana kila mwaka, na kila mwaka alikosa ujasiri wa kuisoma. Kisha akasoma jina la mjukuu wangu.

"Anasoma kwa sauti nzuri akiwa macho. Anapenda hadithi za wanyama, na huwasaidia wenzake kufunga vitabu. Tangu wiki ya nne anasinzia kuanzia saa nne asubuhi, karibu kila siku. Midomo yake imepauka na huchoka akipanda ngazi mbili. Huyu si mvivu, anaumwa. Mpelekeni hospitali kesho asubuhi, msingoje likizo."

Akaiweka karatasi magotini. Akaniuliza kama anavyoniuliza siku zote, "Mama, nimekuambia ufanye nini?"

Nikamjibu, "Nimpeleke hospitali kesho asubuhi."

Hiyo hakuichana. Iko kwangu, ndani ya kanga, pamoja na ile ya kwanza.

Mwalimu utakayeingia Darasa la Tatu, sikujui bado, na kompyuta sina ugomvi nayo. Bonyeza ukitaka. Lakini kabla hujatuma, njoo stooni. Mimi wameshanistaafisha mara mbili na bado nipo. Kiti changu kipo, ndoo yako ipo. Nisomee. Nikiweza kukuambia nikafanye nini nyumbani, peleka.

Na wewe Mama Futa, asante kwa kila karatasi uliyoichana. Nilikuja kukupiga, nikabaki kukusikiliza miaka ishirini na mitatu. Kama bado unangoja nikusamehe, basi ujue hapa mbele ya wote, nilishakusamehe zamani. Kilichobaki ni mimi kujisamehe, na hiyo si kazi yako. Nenda nyumbani salama, ule vizuri, magoti uyatunze, ukawe na siku nyingi zisizo na kengele. Na usingizi ukikujia saa nne asubuhi, lala, mwanangu. Hakuna atakayekuandika mvivu.