Mama Mawingu na Yangeyange Aliyefutika

Baada ya miaka thelathini na moja ya kurudisha anga mahali pake, mwenzetu wa chumba cha picha, ambaye wote tunamwita Mama Mawingu, anastaafu rasmi tarehe 30 Juni. Wapiga picha za wanyamapori wanaombwa waanze kujitegemea.

Kazi yake ni rahisi kuieleza. Mpiga picha akimlenga mnyama mweusi, kamera huingiza mwanga mwingi ili mnyama aonekane, na anga huungua, likawa jeupe pe kama shuka lililoanikwa. Mama Mawingu huvuta kiti, huguna, kisha huushusha mwanga wa juu kidogo kidogo mpaka mawingu yajitokeze. Mawingu ya kubandika hayataki hata kuyasikia. Mgeni mmoja aliyemshauri achukue anga la picha nyingine alipewa somo refu mpaka chai yake ikapoa.

Mteja wake mkubwa ni shemeji yake, mdogo wa mumewe, aliyekuwa akipiga picha za nyati kana kwamba anga halimhusu. Mwaka juzi alituletea picha ya jalada la kalenda: nyati mweusi tii, na mgongoni mwake ndege aina ya yangeyange, mweupe, nyuma yao anga jeupe vilevile. Siku hiyo Mama Mawingu alikuwa moto. Alirudisha bluu, akarudisha mawingu, na alipoona doa jeupe linakataa kushika rangi, akalifuta. Kalenda ikachapwa pamoja na maelezo yake: “Nyati na rafiki yake.” Wasomaji walimtafuta huyo rafiki hadi Machi.

Sisi tulicheka mpaka mbavu zikauma. Shemeji hakucheka, maana ndiye aliyelala kifudifudi kwenye tope akimsubiri ndege yule. Mama Mawingu alimwomba radhi, akamchapia picha nyingine yenye ndege wake. Shemeji akaipokea kwa heshima zote. Tangu hapo akaanza kupima mwanga sawasawa. Picha zake zikawa zinakuja na anga safi, hazina cha kurekebisha, na hilo ndilo lililomuuma mwenzetu. Alituambia waziwazi kwamba shemeji haiamini tena mikono yake, na kwamba kuondoka kazini namna hiyo kungemkaa moyoni.

Wiki iliyopita shemeji alipita ofisini, akaweka kadi ya kamera mezani, akasema hana nakala nyingine, akaenda zake. Ndani mlikuwa na picha moja tu: yangeyange anaruka, na anga lote limeungua. Mtu aliyekwisha kujua kupima mwanga hakosei kiasi hicho, labda atake. Mama Mawingu alifuta machozi kwanza, ndipo akafuta kioo cha kompyuta. Kazi ilimchukua siku nzima, na hakuna aliyethubutu kumsemesha.

Asante, Mama Mawingu, kwa kila wingu ulilotutafutia. Tunakuombea afya njema, familia yenye amani na usingizi wa asubuhi usiokatizwa. Ndege yupo, na mabawa yake yote mawili, na shemeji ameshamtundika sebuleni kwake.