Samli Kwenye Mtambo

Mwangaluka, ndugu zangu! Haya, mmeitika vizuri, nimepata nguvu ya kusimama. Mama mwenyekiti aliponiomba nitoe ushuhuda nilimwambia wangu una dawa za mganga ndani yake, sijui kama mchungaji ataniacha nimalize. Naona anacheka. Basi nasema.

Ilikuwa miaka ile ya ruksa, wanunuzi binafsi wa pamba walipoingia Bariadi na malori yao. Chama cha ushirika kikalegea, godauni lake jirani na shule likabaki na popo. Mimi nilikuwa mwalimu wa fizikia, na mdomo wangu mnaujua. Nikaenda kwa wazee wa ushirika nikawaambia nipeni godauni, nataka karakana. Wanafunzi wangu walitaka kutengeneza gari dogo lenye mkono wa chuma, linaloendeshwa kwa swichi, liokote pamba na kuiweka kapuni. Wazee wakatazamana. Mnunuzi mmoja naye alilitaka godauni hilo kwa stoo. Wakaamua hivi: siku ya maonyesho, wageni wa wilaya wakiwepo, mkono ukiokota pamba, godauni ni la shule. Usipookota, linakwenda kwa mnunuzi.

Ndugu zangu, nawaambia, hata harusi yangu sikuipanga vile. Nilichora karakana nzima kwa majivu sakafuni: hapa meza ya kukatia chuma, hapa ya kulehemu, betri ya gari kule dirishani kwa sababu ya mvuke wa asidi. Halafu nikawatembeza wanafunzi humo kana kwamba wanafanya kazi, huyu ameshika msumeno, yule amebeba chuma cha moto. Wakigongana nafuta, nachora upya. Vifaa vilitoka kwa wazazi: tupa, koleo, bisibisi, keekee ya mkono. Mota tulizitoa kwenye radio kaseti mbovu, na moja kubwa ya waipa kwenye lori lililokufa. Jiliwa la kubania chuma alilileta baba wa binti aliyekuwa mwendeshaji wa mtambo na mtunza ufunguo wetu, akalibeba begani mwenyewe kutoka kijijini kwao.

Huyo baba simtaji jina. Alikuwa manju, kiongozi wa ngoma. Mnajua ngoma zetu baada ya mavuno, makundi mawili uwanja mmoja, anayevuta watu wengi ndiye mshindi. Kila akipita mlangoni ananiuliza, "Mwalimu, mmejiandaa?"

"Tumejiandaa, baba."

"Kabisa?"

"Kabisa."

Anatikisa kichwa, anaondoka. Mimi nikafikiri mzazi ana moyo huyu! Sikujua tunazungumza mambo mawili tofauti.

Asubuhi ya maonyesho tukafungua mlango. Yesu wangu! Harufu ya samli ikatupiga usoni. Mtambo wetu, tuliokuwa tumeujaribu jana yake ukaokota pamba vizuri, ulikuwa unang'aa kama bibi harusi. Samli juu, samli chini, samli ndani ya mota, na unga mweusi umepakwa kwenye kila swichi. Mwanafunzi mmoja akaanza kulia, wengine wakarudi nyuma, hakuna aliyetaka kugusa. Yule binti akachukua kitambaa akafuta, akafuta, na huko nje magari ya wageni yanaingia.

Akabonyeza swichi mbele yao. Mkono ukainuka kidogo, ukatetemeka, moshi ukatoka, ukaanguka pwaa! Watu walicheka, ndugu zangu. Mgeni mmoja akauliza kama tunakaanga kitu. Jioni ile wazee wakanitumia ujumbe kwamba funguo zitakwenda kwa mnunuzi ligi ya mpira ya wilaya ikiisha, kwa hiyo nianze kutoa meza zangu.

Nilijifungia nyumbani. Sikula, sikuoga, shuleni sikwenda. Ualimu niliuona mchungu. Kichwani nilikuwa na jibu moja tu, kwamba mnunuzi ametufanyia hujuma. Nilimchukia mtu wa watu bure, na Mungu anisamehe.

Mchana mmoja nasikia hodi. Ni manju, ana jogoo mkononi, amekuja kunipa pole. Akakaa, akashusha pumzi, akasema, "Pole sana, mayu, mama yangu. Ile dawa ilikuwa ndogo. Kwa mtambo mkubwa vile ningeongeza."

"Dawa gani?"

"Niliyoupaka mtambo wenu."

Nilisimama, nikakaa, nikasimama tena. Nikasema maneno ambayo humu ndani siyarudii. Jogoo akakimbia. Na yeye, masikini, akashangaa kuliko mimi!

"Mwalimu, nilikuuliza kila siku mmejiandaa. Unasema kabisa, na mganga simwoni! Ngoma gani inaingia uwanjani haijatengenezwa kwa dawa? Wale wapinzani wangu wa ngoma wa Maswa wangemtupia mwanangu kitu, mkono ule ungemgeukia. Nilimtolea mganga mbuzi. Nikachukua ufunguo binti akiwa kisimani. Ningeachaje?"

Hapo ndipo nilipokaa chini, mimi! Mtu aliyeniharibia kazi yangu yote alikuwa ametoa mbuzi kumlinda mtoto wake. Nikamweleza taratibu kwamba umeme unapita chuma kwa chuma, na samli pamoja na ule unga vimekaa katikati. Alisikiliza. Akaziangalia sana kucha zake zilizopaka ile dawa. Halafu akasema, "Twende kwa wazee."

Sasa fikirieni. Manju anaishi kwa jina lake. Akisema dawa yake imeharibu, nani atamfuata uwanjani tena? Alisimama mbele ya kamati nzima, na watu wamejaa madirishani, akasema, "Aliyeharibu mtambo ni mimi. Niliupaka dawa. Hawa watoto hawakushindwa. Kwenye ngoma, mtu akiingilia uwanja, mchezo unarudiwa." Mwenyekiti wao aliacha mdomo wazi. Watu waliguna, wengine wakacheka vibaya, na yeye hakuinamisha kichwa. Wakatukubalia turudie.

Tulifungua kila kitu. Mota tuliziosha kwa petroli na mswaki, waya tukakwangua upya. Binti akaweka sheria mlangoni: anayeingia anaonyesha mikono kwanza, isiwe na mafuta. Wa kwanza kuonyesha alikuwa baba yake, na akarudishwa kunawa mara mbili.

Siku ya kurudia godauni lilijaa. Manju akauliza kwa sauti ndogo, "Mmejiandaa?"

"Tumejiandaa, baba," binti akajibu.

"Bila kitu?"

"Bila kitu."

Akabonyeza. Mkono ukashuka, ukafumba vidole, ukainua pamba nyeupe, ukageuka, ukaitia kapuni. Manju alipiga ukelele akatoka mbio mpaka barabarani! Alirudi anahema, akauliza kama kweli hakuna aliyeupaka chochote. Kisha akalia, na mimi nikalia naye. Godauni likawa letu.

Wabeja sana, asanteni, wazazi mliotoa tupa na koleo zenu. Wabeja wazee mliotusikiliza. Na yule baba, ambaye ngoma yake ilipungua watu misimu mingi kwa ajili yetu, amelala sasa, Mungu amrehemu. Ninachowaachia ni hiki: mtu akikuuliza kama umejiandaa, usikimbilie kumjibu. Mkalishe, muulize kwake kujiandaa ni kufanya nini. Huenda ana hofu juu ya mtoto wake na hajui pa kuipeleka.

Karakana ile ipo. Siku hizi wanatengeneza roboti, na mwalimu wao ni yule binti, naye ana wajukuu. Juzi nilipita kuwasalimia, wanajiandaa kwa mashindano. Nikasukuma mlango kama mwenye nyumba. Akanizuia kwa mkono, akapiga goti kidogo.

"Shikamoo, mwalimu wangu. Onyesha mikono kwanza."

Nikaonyesha.