Mwalimu Walter Nampanda na Zamu ya Maji ya Uwanja wa Mnyambe

Maisha ya Mwalimu Walter Nampanda yanasomwa mbele yenu Ijumaa hii, tarehe 13 Juni 1913, hapa Mnyambe, baada ya majirani zetu Waislamu kutoka katika sala ya adhuhuri. Wafiwa waliomba mazishi yangoje sala hiyo iishe. Aliyeyaandika, na anayeyasoma, ni mpwa wake, Marko, mtoto wa dada yake Isabela, ambaye alikaa nyumbani kwa marehemu miaka sita, na ambaye amekatazwa na mjane kumfanya mjomba wake malaika.

Marehemu alizaliwa Mkomaindo, chini ya majabali ya Masasi. Mwaka haukuandikwa popote. Mama yake, Bibi Adija, ambaye yu hai na ameketi hapa, anasema ulikuwa msimu wa nzige, mtama ukiwa umefika magotini. Padre aliyembatiza tarehe 21 Desemba 1884 alimtazama urefu na meno, akakisia miaka kumi na mitatu, kwa hiyo tunaandika 1871 na kuishia hapo. Baba yake, Mzee Nampanda, alikuwa Mmakua mfua majembe, mtu mwenye mkono mzito hata kwa wanawe. Walter alikuwa wa pili kati ya watoto watatu.

Alianza shule ya misheni Masasi mwaka 1882, na mwaka 1889 alipelekwa Unguja kusomea ualimu. Huko alikutana na padre mmoja kijana aliyekuja na mpira wenye umbo la papai na mchezo wa kukimbia nao mikononi, ambao Waingereza huuita raga. Padre yule aliupenda mchezo kuliko alivyoweza kuuchunga. Katika mwezi mmoja wanafunzi watatu walivunjika mfupa wa bega, na wa tatu alikuwa Walter. Mfupa wake uliungwa upande, ndiyo maana tangu hapo alivaa kanzu kama mtu anayebeba kikapu kisichoonekana. Alirudi Masasi mwaka 1892 na cheti cha ualimu, na katika sanduku lake mlikuwa na mpira mmoja wa ngozi uliozeeka.

Tarehe 11 Februari 1896 alifunga ndoa na Theodora, binti wa Kimakonde wa hapa Mnyambe, na kwa desturi akahamia ukweni. Watani hawakumwacha apumue. Walisema tangu dunia iumbwe hajaonekana Mmakua aliyetoka kwenye visima vya Masasi akaja kufa kiu juu ya uwanda kwa ajili ya mwanamke. Naye alikuwa akijibu kwamba kiu inategemea anayekuletea kata. Walijaliwa watoto watatu: Priska, Nikolao na Cecilia. Mwaka 1897 alifungua shule ya banda hapa kijijini, akaifundisha hadi nguvu zilipomwishia.

Kazi ambayo watu wengi waliokuja leo wanamkumbukia ni ile ya Jumamosi. Mwaka 1899 aliwakusanya watoto kumi na mmoja, akaanzisha chama cha raga. Mpira ulipochanika aliujaza sufi na kuushona mwenyewe. Yeye hakuwa mchezaji wa kusifiwa. Alikimbia kama mtu anayetafuta kitu alichoangusha. Lakini bega lile lilikuwa limemfundisha. Hakuna mtoto aliyeruhusiwa kumkamata mwenzake juu ya kiuno. Kwa kuwa hakuna mtoto aliyejua umri wake, alichimbia mti pembeni mwa uwanja na kuukata alama tatu, na kila mtoto akapimwa urefu. Wa alama ya chini hakucheza na wa alama ya juu, hata alie. Kabla ya mchezo wote walitembea mstari mmoja wakiokota mawe na kung'oa visiki. Aliyegongwa kichwa alikaa nje Jumamosi tatu. Aliyetoka jandoni hakurudi mpaka ngariba aseme amepona, na Mwalimu alikwenda kwa ngariba mwenyewe kuuliza.

Alikuwa na neno jingine, na hilo aliliwekea ukali. Uwanjani hapakuwa na Mmakonde wala Myao, wala mtoto wa aliyenunuliwa. Aliyemwita mwenzake mtumwa alirudishwa nyumbani, na Mwalimu akamfuata nyuma ili akawaeleze wazee wake kwa nini. Hakucheza Ijumaa kwa ajili ya Waislamu wala Jumapili kwa ajili ya Wakristo, na mwezi wa Ramadhani mpira ulilala. Kila mtoto aliombewa ruhusa kwa mjomba wake au baba yake, na kwa kila mmoja Mwalimu alisema maneno yaleyale: nitamrudisha kama nilivyomchukua. Ahadi hiyo ilimgharimu kuliko bega.

Mwaka 1901, mwezi wa Oktoba, mtoto mmoja, Sadallah, alianguka uwanjani kwa jua na kiu, akazimia mpaka alasiri. Baba yake, Mwalimu Husseni wa chuo cha Kurani, Myao aliyehamia hapa kutoka Masasi, alimbeba mwanawe hadi nyumbani. Kesho yake marehemu alikwenda nyumbani kwake, akaketi barazani tangu asubuhi. Husseni alimpa mkeka, hakumpa salamu. Saa sita ndipo aliposema kuwa mtoto atarudi siku ambayo kutakuwa na maji uwanjani, ya kutosha kila mtoto.

Mgeni hawezi kujua uzito wa sharti hilo. Hapa juu hakuna kisima. Wanawake huondoka jogoo la kwanza kushuka bondeni, na wanaorudi mapema hurudi jua likiwa utosini. Maji ya mchezo wa watoto yalikuwa kichekesho. Marehemu alisimamisha mpira miezi miwili, na katika miezi hiyo Theodora alizunguka nyumba kwa nyumba akapanga zamu: kila Jumamosi nyumba nne, kila nyumba mtungi mmoja wa maji yaliyotekwa jana yake, na mtungi wa tano wake mwenyewe. Sadallah akarudi. Toka hapo watoto walipanga mstari kabla ya kucheza, na Mwalimu aliwanywesha mmojammoja kwa kata, kwa mkono wake. Kwanza alimwinamia mtoto, akamtazama macho kama yana homa, na kumuuliza kwa sauti ya chini anaumwa wapi, ili aliye na kidonda aseme bila wenziwe kusikia.

Mwishoni mwa Agosti 1905 vita vya Maji Maji vilifika kwetu. Habari za Masasi kuchomwa zilipanda hadi hapa, na kila mtu alikwisha kusikia juu ya maji ya dawa yanayogeuza risasi kuwa maji. Mjane na wazee wawili walimshauri marehemu Jumamosi iliyofuata aache mpira. Alikataa. Alisema watoto wanasikia mambo ya kutisha majumbani na wanahitaji mahali wanapopajua. Katika hili alikosea, na yeye mwenyewe alisema hivyo maisha yake yote, kwa hiyo hakuna sababu ya kulificha kaburini.

Jumamosi, tarehe 2 Septemba, saa tatu asubuhi, ombasha mmoja, mkuu wa kikosi kidogo, na askari sita wa Wadachi walitokea kwenye mihogo pembeni mwa uwanja. Walisimama kwanza wakatazama. Waliona vijana kumi na tisa wamepanga mstari. Waliona mtu mzima akiwainamia mmojammoja, akiwanong'oneza, akiwanywesha maji. Kisha wakaona vijana walewale wakishikana mabega na kusukumana kwa nguvu zao zote. Ombasha hakuhitaji mkalimani. Bunduki ziliinuliwa, watoto wakaamriwa wakae chini, naye akauliza maji ni ya nani. Theodora alikuwa amesimama kando ya mtungi wake, uliokuwa ukichotwa.

"Maji ni yangu," Mwalimu alisema. "Na amri ya kuyanywa ni yangu. Hawa ni watoto wa shule, wanacheza."

Alijitolea kuyanywa yote mbele yao. Ombasha aliupindua mtungi kwa mguu. Wanawake wa zamu, ambao walikuwa kimya bunduki zilipoinuliwa, waliguna kwa pamoja walipoona maji yanamezwa na mchanga. Marehemu aliomba jambo moja tu kabla ya kufungwa: watoto waende makwao, watatu watatu kama ilivyokuwa kawaida, na asimame ahesabu. Labda ombasha naye alikuwa na watoto, alikubali. Wote kumi na tisa walifika.

Huko Newala alichapwa hamsa ishirini, yaani viboko ishirini na vitano, mbele ya watu, na kesho yake tena. Kisha akatiwa mnyororoni hadi Lindi, akavunja mawe ya barabara mwaka mmoja na nusu. Theodora alikwenda kumwona mara mbili kwa miguu, Cecilia akiwa mgongoni. Alifunguliwa tarehe 16 Machi 1907. Alipofika nyumbani aliomba daftari la majina ya chama kabla ya kuomba uji. Askari walikuwa wamechoma ghala na mashamba, na njaa ya mwaka 1906 ilikuwa imewachukua wanne kati ya wale kumi na tisa. Mmoja wao alikuwa Sadallah.

Marehemu aliuweka mpira darini. Alifundisha kusoma na kuandika tu. Aliposalimiwa na mjomba yeyote wa wale wanne aliitikia huku akitazama chini, na njiani alikuwa akikata kona ili asipite mbele ya nyumba zao. Ilikuwa huzuni, na ilikuwa pia ukaidi. Mjane anasema alikuwa anajipa adhabu ambayo hata Wadachi hawakuifikiria. Hali hiyo iliendelea hadi mwezi wa Novemba, Husseni alipokuja na mwanawe mdogo, Muharami, aliyekuwa bado hajafikia hata alama ya kwanza ya mti. Mtoto alitoa shikamoo, Mwalimu akaitika marahaba bila kumtazama. Husseni hakuketi.

"Sadallah hakufia uwanjani kwako," alisema. "Amefia kwangu, kwa njaa, na mimi baba yake nipo nimekaa naye. Ukinikimbia njiani unanifanya nione kuwa nimemuua mimi. Mchukue na huyu."

Jumamosi iliyofuata mpira ulishuka darini na zamu ya maji ikaanza upya, safari hii nyumba mbili tu, kwa kuwa mitungi iliyobaki ilikuwa michache. Kufikia mwaka 1912 nyumba zilikuwa saba, na watoto walitoka Newala mjini na vijiji vya jirani. Katika miaka yote hiyo, kwa mujibu wa daftari, mfupa uliovunjika ulikuwa mmoja, wa kidole, na mwenye kidole hicho ndiye anayeyasoma haya.

Kifua kilianza kumsumbua Lindi na hakikumwacha. Mwaka 1911 alianza kutema damu. Alibebwa kwa machela hadi hospitali ya misheni Masasi, akakaa wiki tano, akarudi akiwa amenenepa kidogo na kusifu uji wa huko mpaka ikawa kero. Tangu Februari mwaka huu hakuinuka kitandani ila kwa kushikwa. Jumamosi aliomba kitanda kitolewe nje, mahali anapoweza kusikia kelele za uwanja, akawa anauliza kila dakika nani ameanguka.

Mjane ameruhusu jambo lifuatalo lisomwe, baada ya kulifikiri siku nzima. Mwezi wa Aprili, mchana mmoja, mjane akiwa ameketi karibu na kitanda anamenya mihogo, marehemu alimwambia kuwa ana kitu kinachomkaa kooni tangu siku ya askari. Watu wamemsifu kwa kusema maji ni yake. Lakini ombasha alipouliza, kabla hajafungua kinywa, macho yake yeye Mwalimu yalikwenda kwa Theodora na mtungi wake, na kwa muda wa pumzi moja aliogopa, akanyamaza, akaacha yabaki pale. Ombasha aliyafuata macho hayo. Karibu miaka minane alikuwa anaogopa kwamba mkewe aliona.

"Niliona, Baba Priska," Theodora alimjibu. "Nilikuwa tayari nimeshavuta pumzi niseme ni yangu. Wewe ukaniwahi."

Anasema marehemu alilia, kisha akacheka, kisha akaomba kipande cha muhogo mbichi, ambacho alikuwa amekatazwa, naye akampa. Baada ya siku hiyo hakulala tena akiwa ameukunja uso. Alifariki jana, Alhamisi, tarehe 12 Juni 1913, saa nne asubuhi, nyumbani kwake, mkewe akiwa amemshika lile bega bovu.

Ameacha mjane, Theodora. Watoto watatu, Priska, Nikolao na Cecilia. Mama yake, Bibi Adija. Dada yake, Isabela. Na wapwa, wakiwamo Marko na wadogo zake wawili. Wakati orodha hii inaandikwa, wazee wa ukoo walikumbusha kwamba wanachama wa mpira si ndugu wa damu na majina yao hayana nafasi hapa. Hayakuandikwa. Ila asubuhi hii, walipokuja, wakubwa na wadogo, wa kofia na wa msalaba, walipita moja kwa moja hadi kwenye mkeka wa wafiwa wakaketi juu yake, Muharami mwana wa Husseni akiwa wa kwanza. Wazee walimtazama Bibi Adija, maana mkeka ni wake. Bibi Adija akajisogeza, akawapa nafasi.

Mungu amlaze Mwalimu Walter palipo na raha, na amani yake isikatizwe.