Kinanda Kikubwa, Kinanda Kidogo

Benchi liko mbele ya duka langu la kunyoa. Nililiweka mimi mwenyewe, kwa ajili ya wateja, na sikumbuki mara ya mwisho mteja kupata nafasi. Kuna Spana, fundi baiskeli wa ng'ambo ya barabara. Kuna Gia, aliyeendesha malori miaka thelathini na sasa anaendesha mdomo. Na kuna Sentimita, fundi cherehani, jirani yangu wa ukuta kwa ukuta, ambaye futi yake ya kupimia haitoki shingoni hata akienda msalani. Mama Birika anawauzia kahawa, na neno halimpiti. Wiki hii kesi ni moja tu. Sentimita anapiga kinanda kwenye bendi ya harusi, na kinanda chake kimekufa. Leo Alhamisi, Jumamosi kuna harusi, na wenzake wamemwambia asipopata kingine watamchukua jamaa mwenye kompyuta. Duka la vyombo vya umeme hapo kona lina sintesaiza mbili zilizotumika, yaani vinanda vya umeme ambavyo sauti unaitengeneza mwenyewe kwa kuzungusha vinobu. Kimoja kikubwa, kimoja kidogo. Kwa pesa aliyo nayo, Sentimita anapata kile kidogo. Kikubwa mpaka auze cherehani ya pili, ile ambayo mkewe anashonea. Mwenye duka akishauza harudishi pesa, na saa sita mchana kuna mteja mwingine anakuja kuviangalia. Ilikuwa saa nne na nusu, na ndani nilikuwa na mtu mwenye povu shavu moja.

Spana: Chukua kidogo. Jana nimevishika vinobu vyote, kimoja kimoja. Vya kile kidogo vimekaza. Kikubwa kina kinobu kinacheza, cha tatu kutoka kushoto. Hicho kikicheza, wimbo unateleza kama mnyororo.

Gia: Acha zako! Sauti ni uzito. Honi ya lori na kengele ya baiskeli, kipi kinawatoa watu barabarani? Nimevinyanyua vyote viwili. Kile kidogo nimekinyanyua kwa vidole viwili. Feni ya ukumbini ikiwashwa kinapaa.

Sentimita: Kidogo ni sentimita thelathini na saba kwa kumi na tisa. Kikubwa ni tisini na mbili kwa thelathini. Kimo chake...

Mama Birika: Kwani unakishonea suti?

Sentimita: Lazima nijue vipimo, mama. Kitahitaji mfuko.

Mapajani alikuwa na kitambaa cha bluu kilichokunjwa vizuri. Alikuwa nacho tangu asubuhi, na hakuna aliyemuuliza ni cha nini.

Mimi: Kile kikubwa nilikipiga brashi. Kilitoa vumbi na nywele. Aliyekuwa nacho alikuwa anapukutika kichwa.

Gia: Na hilo linatusaidia nini?

Mimi: Mtu anayepukutika nywele ana mawazo mengi. Kinanda kimekaa na mawazo yake miaka yote.

Najua nilichosema. Kaa kwenye benchi hilo dakika kumi, na wewe utasema.

Spana: Hapo kinyozi umenena! Kitu kilichotumika kinabaki na mwenyewe. Baiskeli iliyoendeshwa na mtu wa mkono wa kushoto inavuta kushoto mpaka siku inakufa. Sasa kama jamaa alikuwa anapiga misibani? Bibi harusi anaingia, kinanda kinaangua kilio!

Gia: Kinaanikwa juani siku mbili tu. Nyimbo za zamani zote zinatoka.

Sentimita: Siku mbili sina, Gia.

Spana: Halafu ile karatasi ya ubavuni mmeisoma? Sauti mia mbili hamsini na sita. Hizo zilikuwa za kiwandani. Leo zimebaki ngapi? Harusi moja inakula sauti kumi.

Gia: Kwa hiyo hata kingekuwa kipya ni harusi ishirini na tano. Ya ishirini na sita anapiga miluzi.

Mama Birika: Si atajaza? Birika langu linaisha mara tatu kwa siku, na mbona mnakunywa?

Tulicheka mpaka yule mtu wangu wa povu akachungulia mlangoni. Hata Sentimita alicheka, ila vidole vyake havikuacha kukipapasa kile kitambaa. Nilimwonea huruma kwa kweli. Siku ya harusi huyu mtu hupiga pasi shati lake tangu alfajiri. Jumamosi akibaki nyumbani, mwezi mzima hatasemeshwa, na mimi ndiye nitakayeisikia cherehani yake ikinung'unika ukutani.

Gia: Uza cherehani, bwana, chukua kikubwa. Mkeo atanuna wiki, kisha atazoea.

Mama Birika: Wewe wako amekuzoea?

Gia akaomba kahawa nyingine.

Hapo ndipo alipofika bibi harusi mwenyewe, yule wa Jumamosi, na ndala zake miguuni, kufuata gauni.

Bibi harusi: Shikamooni.

Tukamwitikia wote.

Bibi harusi: Fundi, gauni langu tayari?

Sentimita: Tayari, mwanangu. Bado kifungo kimoja tu.

Bibi harusi: Na kinanda? Nimesikia mnachagua.

Tukamvamia wote kwa pamoja. Spana akamweleza vinobu, Gia akamweleza uzito, mimi nikamweleza nywele. Akasikiliza kwa adabu mpaka tukaishiwa pumzi.

Bibi harusi: Sawa. Kinaliaje?

Spana akatazama vidole vyake. Gia akanywa kutoka kikombe kitupu.

Bibi harusi: Chochote kati ya hivyo viwili. Kinaliaje?

Spana: Gia ndiye aliyekuwa karibu na soketi.

Gia: Mimi nilikuwa nabeba. Kuwasha ni kazi ya fundi.

Mimi: Mimi mtu wa brashi.

Siku nne tulikuwa tunaingia na kutoka dukani pale, na hakuna hata mmoja aliyesema, hebu washa. Tukamgeukia Sentimita. Sisi tungeweza kusahau, lakini yeye amepiga kinanda miaka ishirini.

Sentimita: Mwenye duka alitaka kuviwasha siku ya kwanza. Nikamzuia.

Mama Birika: Kwa nini, baba?

Sentimita: Naogopa. Nikikisikia kile kikubwa, nitarudije nyumbani na kidogo?

Akakikunjua kitambaa. Ulikuwa mfuko, umeshonwa ukakamilika, zipu na mikanda ya begani, na urefu wake ulitoka goti lake ukafika goti la Spana. Sikuhitaji futi kujua ni wa kinanda kipi. Hakuna aliyecheka, na Gia hakurudia tena habari ya kuuza cherehani.

Bibi harusi akauchukua mfuko, akauweka begani.

Bibi harusi: Huu utafunika kile kikubwa. Kitakachowashwa ni kidogo. Twende, fundi, saa sita inakaribia.

Tukaenda wote, Mama Birika na birika lake, na nyuma kabisa yule mtu wangu, povu limeshamkaukia shavuni.

Mwenye duka akachomeka kile kidogo kwenye spika, juu ya kaunta, karibu na kikubwa kilichofunikwa bluu. Sentimita akajifuta mikono kwenye suruali, akabonyeza. Kikatoa mlio wa mbu. Gia akakohoa. Sentimita akazungusha kinobu kimoja, akazungusha cha pili, taratibu, jinsi anavyotafuta mahali pa kuchoma sindano. Sauti ikashuka, ikapanuka, ikajaa duka zima mpaka vioo vya kabati vikatetemeka. Halafu akapiga wimbo wa kuingilia.

Bibi harusi akaenda mlangoni, akaanza kutembea kuja ndani, polepole, kati ya feni na pasi, kidevu juu, mikono imeshika maua ambayo hayapo. Spana akavua kofia, akampisha. Mama Birika alikuwa anafuta macho na hakujificha. Nami machozi yalinilenga, sitadanganya.

Alipofika kaunta akasimama.

Bibi harusi: Naingia nacho hiki.

Sentimita akalipa, akakipakata kinanda chake kama mtoto aliyelala. Mlangoni akageuka mara moja, akatazama kile kitambaa cha bluu.

Mwenye duka: Fundi, unasahau mfuko wako.

Sentimita: Uache hapo. Kikubwa kitaingia vumbi.