Mwalimu Gaston Kalasa na Wakanada wa Kale

Mchungaji, majirani zetu wa Bertrams, na nyote mliokuja kusimama nasi, mimi ni Thierry, mdogo wake mama Jeannine, mjane wa marehemu, na familia imeniomba niwasomee maisha ya shemeji yangu, mwalimu Gaston Kalasa, ingawa Jumamosi iliyopita asubuhi nilikunywa naye chai, akacheka, na mpaka sasa akili yangu inakataa.

Alizaliwa tarehe 9 Machi 1961 huko Bunkeya, Katanga, katika familia ya Wayeke, akalelewa na bibi yake, aliyemsimulia jinsi msafara wa Wazungu ulivyoingia Bunkeya mwaka 1891 na Mwami Msiri, mfalme wa Wayeke, akauawa, na jina la kiongozi wa msafara ule, Kapteni Stairs, mzaliwa wa Halifax, Kanada, lilikuwa nyumbani kwao jina la kunyamazishia watoto.

Alisoma shule ya msingi Bunkeya, sekondari Likasi, kisha chuo cha ualimu Lubumbashi, ambako alihitimu somo la historia mwaka 1984, akarudi Likasi kufundisha, na tarehe 18 Julai 1987 alifunga ndoa na dada yangu Jeannine, binti wa Kasai, wakajaliwa watoto wawili, Emery, aliyezaliwa Likasi mwaka 1989, na Arlène, aliyezaliwa hapa Johannesburg mwaka 1996.

Mwaka 1992 watu wa Kasai tulipofukuzwa Likasi, tukiambiwa sisi ni wageni Katanga, tukarundikana kituo cha treni na vyombo vyetu, jirani mmoja alimfuata shemeji akamwambia, "Mwalimu, wewe ni wa hapa, rudi nyumbani, wanaoondoka ni hawa," naye akaketi juu ya mzigo kando ya mke wake akajibu, "Kama Jeannine si wa hapa, basi na mimi si wa hapa," na hakuinuka pale mpaka treni ilipokuja.

Walifika Johannesburg mwaka 1994, wakapanga chumba Bertrams, akafanya kazi ya ulinzi Turffontein, na kuanzia mwaka 2008 akawa anafundisha watoto wetu historia kila Jumamosi katika ukumbi wa kanisa hapa mjini, kwa Kiswahili, wao wakimjibu kwa Kiingereza na Kizulu, wala hakuwahi kuwagombeza.

Mwaka 2021 Arlène alimwambia, "Papa, nimepata kazi ya uuguzi Kanada, mji unaitwa Halifax," naye shemeji akaweka kikombe chini, akasema, "Halifax? Katika miji yote ya dunia?" na baada ya majuma kadhaa akamwita na kumwambia, "Nenda, lakini siwezi kumwacha mwanangu kwa watu nisiowajua."

Ndipo akaanza kusoma maisha ya Wakanada wa karne ya kumi na tisa, akawaletea watoto habari za Mary Ann Shadd, mwanamke mweusi aliyefundisha shule na kutoa gazeti lake mwenyewe, na za William Hall, baharia mweusi wa Nova Scotia aliyepewa nishani kubwa ya ushujaa, ila Kapteni Stairs alimruka kila mara.

Jumamosi ile, tarehe 17 Mei 2025, siku chache kabla ya kupanda ndege kwenda Kanada kumwoza Arlène, aliamua kufundisha habari za Stairs, akasimulia yote, na alipomaliza, binti mmoja wa Kirundi, Belyse, akamuuliza, "Teacher, bado unamchukia?" naye akasema, "Nimemchukia tangu utotoni. Alitutendea ubaya, na nitalisema hilo hukohuko kwao. Lakini alikufa kwa malaria ana miaka ishirini na minane, mdogo kuliko Arlène wangu, na mimi nimechoka kumbeba."

Akashika kiti ili akae, akaanguka, watoto wakadhani anaigiza.

Kuhusu ugonjwa, ndugu zangu, sina cha kusoma, hakuugua, madaktari wanasema ni kiharusi, alifariki njiani kwenda hospitali, na suti iliyonunuliwa kwa ajili ya harusi ndiyo tuliyomvika.

Arlène amefika, na mchumba wake, mzaliwa wa Halifax, amekuja naye, akiogopa kuingia nyumbani kwetu, mama Jeannine akatoka hadi getini, akamshika mkono na kusema, "Ingia, mwanangu, baba yako yuko ndani," na leo hii mmemwona mbele ya jeneza, bega lake kando ya bega la Emery.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi waliompokea, majirani waliotupikia, walinzi wenzake wa Turffontein, wazazi wa darasa la Jumamosi, na Belyse, ambaye tunamwambia mbele yenu wote kwamba swali lake halikumuua mwalimu, asilie tena kwa sababu hiyo.

Shemeji, umetushtua, hatukuwa tayari hata kidogo, nenda kwa Muumba wako bila mzigo, upumzike kwa amani.