Penseli za Rangi za Karani

Pale Igoma, kando ya barabara ya Musoma, kuna ubao mrefu uliolazwa juu ya matairi mawili ya lori. Ubao huo ndio kijiwe. Mwaka ule wa tisini na tano, karibu wote waliokaa pale walikuwa wamepunguzwa kazi. Alexander alikuwa fundi mitambo katika kiwanda cha nguo kwa miaka kumi na miwili. Barua yake ilipotoka aliondoka na spana zake, akaja kutengeneza baiskeli hapo kando ya ubao, na watu wakamwita Spana. Nkwabi aliitwa Redio kwa sababu hakuna habari iliyompita. Mhoja, mponda mawe, aliitwa Kokoto. Wa nne alikuwa Yakobo, karani wa zamani wa chama cha ushirika cha pamba, na siku hiyo ndiye aliyekuwa ajenda. Alikuwa amekaa na kikombe cha kahawa, kitabu cha watoto cha picha kikiwa magotini, anapaka rangi kwa penseli.

— Karani, hivi kweli, mtu mzima na ndevu zako, unapaka rangi bata? aliuliza Spana huku akikaza mnyororo.

— Si bata. Ni korongo.

— Mnadanganywa hapa, alisema Redio. Hizo si picha, ni ramani. Wazungu wa dhahabu wamejaa huko Geita. Mnadhani nani anawachorea? Kijani ni udongo mtupu. Njano, mzigo upo.

— Mbona korongo mzima ni wa njano? aliuliza Spana.

— Basi ujue mgodi ni mkubwa!

Kokoto alitikisa kichwa. Kwake L na R zilikuwa ni herufi moja.

— Dhahabu wapi! Huyu anaanzisha chama. Vyama vingi vimekuja, langi nzuli zote zimeshachukuliwa. Anatafuta iliyobaki.

— Chama cha nani?

— Cha sisi tuliopunguzwa. Kila kijiwe tawi. Uchaguzi wa Oktoba anachukua nchi, na Spana anakuwa wazili wa viwanda.

Hata Karani alicheka. Redio hakukubali kushindwa.

— Sikilizeni, ninayo ya uhakika. Viwanda vya minofu. Huko Ulaya wamechoka na sangara mweupe, wanataka wa rangi. Huyu anafanya majaribio. Mwakani ziwa zima litakuwa na samaki wa bluu.

Spana alicheka kuliko wote. Kicheko kilikuwa kinamfaa siku hizo, kilimpa nafasi ya kutofikiri. Akakinyakua kile kitabu awaonyeshe wenzake, akasahau mikono yake ina grisi. Alama ya dole gumba ikabaki nyeusi juu ya shingo ya korongo. Karani alipokea kitabu, akalitazama lile doa.

— Sasa amepata kivuli, alisema, akachonga penseli.

Spana angeona afadhali atukanwe.

— Lakini ni kwa nini, Karani? Sema ukweli tu.

— Baada ya kupunguzwa, nikilala nasikia moyo unapiga kama mtu anagonga mlango. Nikaenda kliniki, sista akasema ni presha, akaniambia nitafute kitu cha kushughulisha mikono ili kichwa kipumzike. Nikaenda mjini kwa Kishore, pale wanapouza madaftari, nikachukua hiki. Nikipaka, kichwa kinanyamaza. Basi, hakuna kingine.

— Mwanaume anatuliza kichwa kwa kazi, alisema Spana. Penseli ni za chekechea. Huo ni wazimu, ndugu yangu, ila wako unakuja taratibu.

Alikuwa bado anasema hivyo alipofika mama mmoja akikokota baiskeli yenye pancha, gunia la mchele limefungwa nyuma.

— Shikamoo, mama.

— Marahaba. Natoka Magu. Nizibie haraka, mwanangu.

Mama yule, Wilhelmina jina lake, alikaa kwenye ncha ya ubao. Spana alifungua gurudumu, na wengine wakaendelea na ramani, chama na samaki wa bluu. Mama alisikiliza yote bila kucheka. Mpira ulipokuwa umeshapakwa gundi, akauliza:

— Samahani, wanangu. Huyu mnamcheka, sawa. Kati yenu, jana usiku nani alilala?

Kokoto alitazama kucha zake. Spana alibaki na kiraka mkononi. Tangu ile barua alikuwa hajalala usiku mmoja mzima, na aliyejua ni yeye na mkewe Dorcas peke yao.

— Mimi nililala, mama, alisema Karani kwa sauti ya chini, kama anaomba radhi.

Spana aliziba pancha, akajaza upepo, akamfungia mama gunia vizuri, naye akaondoka. Kisha fundi alinawa mikono kwa sabuni hadi viwikoni, jambo ambalo kwa kawaida hakulifanya kabla ya jioni, akaja kukaa karibu na Karani.

— Unaanzia wapi?

— Popote.

Karani alifungua ukurasa mpya wenye nyumba na miti miwili, akampa penseli ya kahawia. Spana alianza na paa. Mistari ya kwanza ilitoka nje ya mchoro, Redio akaiona, akageuza uso barabarani. Muuza kahawa alipita na birika, akauliza kama aongeze. Akauliza tena. Spana, ulimi umetokeza pembeni mwa mdomo, alikuwa hasikii.